Wasifu wa Mama Monika



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida tunalikumbuka tukiwa tumeshachelewa, yaani namna tunavyoeleza habari za mama au bibi aliyetutoka. Sote tumekaa kwenye mikeka msibani, tukamwona mwanafamilia mmoja akisimama na karatasi mkononi kusoma wasifu wa marehemu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani. Alibatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu. Alijaliwa watoto wanane, wawili wametangulia. Alianza kusumbuliwa na presha mwezi wa tatu, akalazwa, akapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, na saa kumi alfajiri akaaga dunia. Ameacha wajukuu ishirini na vitukuu watano. Kisha karatasi inakunjwa, na msema chochote anamwita mtoa rambirambi anayefuata.

Karatasi hiyo haina uongo. Lakini mara nyingi utaona kwamba ugonjwa wa miezi mitatu umepewa mistari mingi kuliko maisha ya miaka themanini. Mjukuu aliyefika usiku kwa basi kutoka mjini anarudi zake bila kujua bibi yake alikuwa mtu wa namna gani: alicheka kwa lipi, alimwogopa nani, aligombana na nani akapatana naye vipi, jambo gani lilimshinda. Sifa tulizomsomea zinaweza kusomwa kwa bibi yeyote wa kijiji kile, na hakuna atakayegundua kwamba karatasi zimebadilishana.

Upo wasifu mmoja wa mama, ulioandikwa na mwanawe, ambao umedumu zaidi ya miaka 1,600. Aliyeuandika ni Augustino, askofu wa Hippo, na mama mwenyewe ni Monika. Umo katika sehemu ya tisa ya kitabu chake kiitwacho Maungamo, alichokiandika kwa Kilatini yapata miaka kumi baada ya mama huyo kufariki mwaka 387. Ninyi wenzangu ambao makanisa yenu hayana desturi ya kuadhimisha watakatifu, tafadhali msilifunge gazeti. Sina nia ya kuwaonyesha sanamu. Nataka tumtazame mama wa nyumba, mke wa mtu, mkwe wa mtu, na namna mwanawe alivyothubutu kumweleza.

Monika alizaliwa yapata mwaka 331 katika mji mdogo wa Thagaste. Siku hizi mji huo unaitwa Souk Ahras, nao uko Algeria, karibu na mpaka wa Tunisia. Kwa hiyo alikuwa Mwafrika, na wataalamu wengi wanaona kwamba hata jina lenyewe ni la Kiberberi, la wenyeji wa kaskazini mwa bara letu. Sijui ni mabinti wangapi wa kwetu wanaoitwa Monika huku wakidhani wamepewa jina la Kizungu.

Mwanawe anaanza kumweleza tangu utoto, wala haanzi na uchaji. Anaanza na yaya. Nyumbani kwa kina Monika palikuwa na mjakazi mzee aliyembeba baba yake Monika mgongoni alipokuwa mchanga, kama wasichana wakubwa wanavyobeba watoto. Augustino anaitaja hiyo mbeleko, nami naona mtu wa Thagaste na mtu wa Tabora wangeelewana hapo bila mkalimani. Kwa sababu ya umri wake na tabia zake njema, mama huyo mzee aliheshimiwa sana, akakabidhiwa mabinti wa nyumba awalee. Naye alikuwa mkali. Hakuwaruhusu kunywa hata maji nje ya saa za chakula, wakiwa na kiu namna gani. Sababu yake ni kwamba leo wanakunywa maji kwa kuwa hawana uwezo juu ya divai, lakini kesho wataolewa, watashika funguo za ghala, na hapo maji hayatawapendeza tena ila mazoea ya kunywa yatabaki.

Basi, pamoja na ulinzi wote huo, binti alianguka papo hapo. Wazazi walimwamini kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye kiasi, wakawa wanamtuma kuchota divai kwenye pipa. Kabla ya kuimimina kwenye chombo, alikuwa akionja kidogo kwa ncha ya midomo. Hakufanya hivyo kwa kuipenda, ni utundu tu wa utotoni. Lakini leo kidogo na kesho kidogo, mwisho akawa anakunywa kikombe kizima au karibu kizima. Yaya mkali hakujua, wala baba na mama hawakujua. Aliyejua ni kijakazi aliyekuwa akienda naye ghalani. Siku moja wakagombana wawili hao, kama wasichana wanavyogombana, na kijakazi akamtupia tusi usoni kwamba yeye ni mlevi. Monika akachomwa moyo, akajitazama, akaacha siku ile ile.

Ni nani kati yetu angeyasoma hayo mbele ya jeneza la mama yake, mchungaji amekaa pale na wakwe wamekaa pale? Tungesema tumemwaibisha marehemu. Lakini nimesoma habari hizo mara nyingi, na kila mara ninamheshimu Monika zaidi kuliko kama ningeambiwa tu kwamba tangu utoto alikuwa mcha Mungu. Hebu fikirini pia Augustino aliyajuaje. Anasema wazi kwamba mama mwenyewe ndiye aliyemsimulia. Alikuwa mama wa aina hiyo, anayeweza kumwambia mwanawe kwamba nilipokuwa binti nilikuwa nikiiba divai, na aliyeniponya ni tusi la mfanyakazi wetu.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo, tena inafanyika mama akiwa hai. Ukienda kumsalimia mwezi huu, usimwulize mwaka aliozaliwa, kwani huenda hata yeye haujui vizuri. Muulize nani alimlea mama yake anapokwenda shamba. Muulize alichapwa kwa kosa gani ambalo hakulisahau, alimficha nini mama mkwe wake, siku ya kwanza ya ndoa alipika nini na kikaungua au hakikuungua. Andika katika daftari la shule la mtoto, au mwache mjukuu amrekodi kwenye simu wakati wanachambua mboga. Na akikuambia jambo ambalo hukulitegemea, usimkatize kwa kusema, "Aa, mama, hayo tena!" Ukimkatiza mara moja, hatakusimulia tena.

Tuendelee na Monika. Aliozwa kwa Patricius, ambaye hakuwa Mkristo. Mwanawe anaeleza kwamba baba yake alikuwa mwema sana na mkali sana, vyote viwili kwa mtu mmoja, tena hakuwa mwaminifu katika ndoa. Monika alivumilia. Hakugombana naye kwa habari ya wanawake. Alipokuwa amekasirika hakumjibu, bali alingoja hasira ipoe ndipo amweleze kwa nini alifanya alivyofanya. Jirani zake, ambao waume zao walikuwa wapole kuliko Patricius, walikuja na alama za kupigwa usoni, wakikaa pamoja na kuwasema waume zao. Walimshangaa kwamba haijawahi kusikika Patricius amempiga mkewe hata siku moja. Naye aliwajibu kama kwa utani kwamba tangu siku waliposomewa mkataba wa ndoa walipaswa kujua wamekuwa watumwa, na mtumwa hashindani na bwana wake.

Hapa nasimama kidogo. Ushauri huo mimi siutoi, na ninaomba asiutoe yeyote anayeshika ukurasa huu. Ulitoka kwa mwanamke wa karne ya nne, chini ya sheria za Roma, ambaye hakuwa na pa kumpeleka jirani yake. Mwanamke wa leo akija kwako jicho limevimba, usimwambie angojee hasira za mwenzake zipoe. Mpe mahali pa kulala na watoto wake. Wazazi wake wapo, wazee wa kanisa wenye busara wapo, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Hata hivyo nashukuru kwamba Augustino hakuyaficha maneno hayo ya mama yake. Bila hayo tungemwona Monika kama picha ya ukutani. Pamoja nayo tunamwona amekaa kibarazani kati ya wanawake wenye alama usoni, akitafuta la kuwaambia, na alilokuwa nalo lilikuwa ni lile tu lililomsaidia yeye.

Mama mkwe wake naye mwanzoni hakumpenda. Vijakazi wabaya walikuwa wakipeleka maneno. Monika alimshinda mama mkwe kwa upole na subira mpaka mama huyo mwenyewe akaenda kumwambia mwanawe ni nani waliokuwa wakileta fitina ndani ya nyumba. Patricius akawachapa vijakazi hao kadiri mama yake alivyotaka, na toka hapo wakaishi kwa wema wa kupendeza. (Vijakazi nao wangepewa kalamu, sina hakika wangeisimulia hivyo.) Sifa ambayo mwanawe anaikazia zaidi, nami naiona kubwa kuliko zote, ni hii: wanawake wawili wakikosana, kila mmoja alikuja kumtolea Monika nyongo yake juu ya mwenzake, naye hakupeleka upande wa pili neno lolote ila lile litakalopatanisha. Kila aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama anajua uzito wa mzigo huo.

Patricius alibatizwa mwishoni mwa maisha yake, akafa Augustino akiwa kijana wa miaka kama 17. Monika akabaki mjane mwenye watoto. Yupo Augustino, yupo ndugu yake Navigius, na yupo binti mmoja ambaye baadaye alikuwa mjane, akawa mkuu wa nyumba ya watawa wa kike. Huyo binti Maungamo hayamtaji hata mara moja. Tunajua habari zake kutoka kwingine, wala jina lake halijulikani kwa uhakika. Msomaji mwenzangu, naona hilo pia unalifahamu, kwa kuwa umewahi kumsikia kaka akisoma wasifu wa mama huku dada aliyemwogesha na kumgeuza kitandani mwaka mzima yupo jikoni anasonga ugali wa waombolezaji. Laiti binti yule naye angeandika!

Habari za machozi ya Monika kwa ajili ya mwanawe zinajulikana, kwa hiyo nitazipita kwa haraka. Kijana alisoma Karthago, akajiunga na wafuasi wa Mani, mtu wa Uajemi aliyefundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana tangu mwanzo, akakaa nao karibu miaka tisa. Mama alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja, mpaka alipoota ndoto iliyomhakikishia kwamba pale aliposimama yeye ndipo mwanawe atakaposimama siku moja. Mwana akajaribu kuigeuza ndoto, kwamba maana yake ni mama kumfuata yeye. Mama hakufikiri hata kidogo, akamjibu papo hapo kwamba hakuambiwa hivyo. Alimsumbua askofu mmoja aende kuzungumza na kijana, akamsumbua kwa machozi mpaka askofu akachoka, akamwambia aende zake tu, haiwezekani mtoto wa machozi kama hayo apotee.

Mwaka 383 kijana akaamua kwenda Roma. Mama alimng'ang'ania kule bandarini Karthago, ama arudi ama waende wote. Akamdanganya. Akasema anamsindikiza rafiki tu anayengoja upepo, akamshawishi mama alale katika kikanisa cha kumkumbuka Mtakatifu Sipriani kilichokuwa karibu na pwani. Usiku ule, mama akiwa katika sala, merikebu ikaondoka. Asubuhi Monika alikuwa ufukweni akilia. Augustino aliyaandika haya akiwa tayari ni askofu anayeheshimiwa, wala hakutafuta neno la kujipunguzia lawama. Alimdanganya mama, na mama wa namna ile.

Mama alimfuata. Mwaka 385 alivuka bahari, na dhoruba ilipowatisha hata mabaharia, yeye ndiye aliyewatia moyo, akamkuta mwanawe Milano. Na Milano ndiko kuna mambo mawili ambayo sitaki kuyapita.

La kwanza ni la uji. Kwao Afrika, Wakristo walikuwa na desturi ya kupeleka chakula kwenye makaburi ya mashahidi: uji, mkate na divai. Monika alichukua kikapu chake kama alivyozoea, akafika mlangoni, na bawabu akamzuia. Akaelezwa kwamba Askofu Ambrosi amekataza, kwa sababu wengine walifanya ulevi hapo, na kwa sababu jambo lenyewe lilifanana mno na karamu za wapagani kwa wafu wao. Kwa wengi wetu hili si jambo la mbali. Tunajua mababu walivyomwagiwa pombe kaburini, na tunajua mabishano yanayozuka mpaka leo katika ukoo, nusu wakitaka mila na nusu wakikataa. Monika alitii siku ile ile, mwanawe akamshangaa, akasema mama yake asingekubali kirahisi vile kama katazo lingetoka kwa mtu mwingine asiyempenda kama Ambrosi. Hiyo nayo ni sentensi ya mtoto anayemjua mama yake!

La pili ni zito. Tangu ujana wake Augustino alikuwa akiishi kinyumba na mwanamke mmoja, zaidi ya miaka kumi, wakazaa mtoto wa kiume, Adeodatus. Mwanamke huyo alikuwa mwaminifu kwake, naye alikuwa mwaminifu kwa mwanamke huyo. Monika alitaka mwanawe aoe ndoa halali, ili baada ya ndoa abatizwe. Akafanya juhudi kubwa, akapatikana mchumba wa familia nzuri, ambaye alikuwa bado mdogo karibu miaka miwili chini ya umri wa kuolewa, na umri wenyewe kwa sheria ya Roma ulikuwa miaka 12. Ikabidi wangoje. Na yule mwanamke wa siku zote akatengwa naye kwa kuwa alikuwa kizuizi cha ndoa, akarudishwa Afrika. Aliapa hatamjua mwanamume mwingine. Mtoto alibaki na baba yake.

Augustino hasemi mama yake ndiye aliyemfukuza. Anasema mwanamke huyo aling'olewa ubavuni pake, na kwamba moyo wake ulikatwa ukawa unatoka damu. Lakini aliyekuwa akitafuta ndoa ile ni mama, na hilo amelisema. Ndoa yenyewe haikufungwa kamwe. Jina la mwanamke yule hakulitaja popote. Huku kwetu angalau tungemwita Mama Adeodatus, na kwa jina hilo ningependa tumtaje hapa. Kila mama mkubwa wa ukoo anayesifiwa kwa kushikilia nyumba, uliza vizuri, utakuta yupo mwanamke mmoja aliyelipa gharama ya ushikiliaji huo: mkwe aliyerudishwa kwao, binti aliyeachishwa shule, msichana wa kazi. Kumheshimu mama hakutudai tuseme hayupo.

Baada ya Augustino kuongoka mwaka 386 walikwenda kupumzika katika shamba la rafiki, Cassiciacum, Monika akiwa ndiye mama wa nyumba nzima ya vijana wasomi. Huko tunaye katika hali ya kila siku. Kijana mmoja, Licentius, alikuwa akiimba zaburi kwa sauti akiwa chooni, na Monika akamgombeza kwa kuimba maneno matakatifu mahali pale. Nikisoma hapo nacheka, maana namsikia kabisa. Na siku ya kuzaliwa ya mwanawe, tarehe 13 Novemba, walipokaa kujadili furaha ya kweli ni nini, mama ambaye hakwenda shule za falsafa alisema kwamba mtu akitaka mema na kuyapata ana furaha, lakini akitaka mabaya, hata akiyapata ni maskini tu. Mwanawe akakiri mbele ya wote kwamba mama ameiteka ngome yenyewe ya falsafa. Alipoona maneno yake yanaandikwa, Monika aliuliza kama kuna vitabu ambamo wanawake wameingizwa katika mabishano ya namna hiyo.

Pasaka ya mwaka 387 Augustino, pamoja na Adeodatus aliyekuwa na miaka kama 15, alibatizwa Milano na Ambrosi. Wakaanza safari ya kurudi Afrika, wakafika Ostia, bandari ya Roma, kungoja merikebu. Hapo mama na mwana walisimama dirishani, bustani chini yao, wakazungumza juu ya uzima wa milele mpaka dunia yote ikawa ndogo machoni pao. Siku kama tano baadaye mama akashikwa na homa.

Sasa sikilizeni habari ya kaburi. Siku zote Monika alikuwa amejiandalia mahali pa kuzikwa kando ya mumewe, Thagaste, tena alilijali sana jambo hilo. Lakini alipozinduka kutoka katika kuzimia aliwaambia wanawe wamzike hapo hapo. Navigius akasema ingekuwa heri afie nyumbani, asifie ugenini. Mama akamtazama kwa jicho la kumkemea, akamwambia Augustino asikie maneno ya ndugu yake, kisha akawaambia wote wawili wauweke mwili popote, wasisumbuke kwa ajili hiyo, ila wamkumbuke mbele ya altare ya Bwana popote watakapokuwa. Marafiki walikuwa wamewahi kumwuliza kama haogopi kuuacha mwili mbali na kwao, naye aliwajibu kwamba hakuna mahali palipo mbali na Mungu.

Ninawajua akina mama waliomaliza akiba ya ada za watoto kwa kusafirisha maiti siku mbili barabarani, si kwa kuwa marehemu alitaka, bali kwa kuwa hakuna aliyejua alitaka nini na kila mmoja aliogopa ukoo. Wengine walijua na bado wakaogopa. Monika alibadili neno lake akiwa na akili timamu, mbele ya wanawe wote wawili. Mwenye mama mzee ampe nafasi ya kulisema lake, na likisemwa liwe mbele ya zaidi ya mmoja.

Siku ya tisa ya ugonjwa alikufa, akiwa katika mwaka wake wa 56. Mwanawe alimfumba macho. Mjukuu, Adeodatus, akaangua kilio, na wakubwa wakamnyamazisha, kwa kuwa waliona si sawa kumlilia kwa maombolezo mama aliyekufa hivyo. Rafiki yao Evodius akachukua Zaburi akaanza kuimba, nyumba nzima ikaitikia. Augustino alisimama mazishi yote bila chozi. Akaenda kuoga, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba maji ya kuoga huondoa huzuni, akatoka vile vile alivyoingia. Akalala. Alipoamka peke yake kitandani ndipo alipolia, sehemu ndogo tu ya saa, na hata hiyo anaieleza akiwa na wasiwasi kwamba msomaji ataihesabu kuwa dhambi. Ninamhurumia zaidi yule kijana aliyenyamazishwa. Alikuwa ameshatengwa na mama yake mzazi, na sasa bibi aliyekuwa amebaki naye amekufa nchi ya watu. Naye alikufa miaka michache tu baadaye, akiwa bado kijana.

Mwishoni mwa simulizi hiyo Augustino anawaomba wote watakaosoma wamkumbuke altareni mama yake pamoja na Patricius, mumewe. Hapo ndipo anapoandika jina Monika, mara moja, na katika maandishi yake yote mengi hakuliandika mahali pengine. Kwingine kote anamwita mama yangu.

Mwaka 1430 mifupa inayoaminika kuwa yake ilihamishiwa Roma, na baadaye ikawekwa katika kanisa linaloitwa kwa jina la mwanawe. Na mwaka 1945 wavulana wawili waliokuwa wakicheza kando ya kanisa la Ostia walichimba shimo ili wasimike mti wa mchezo wao, wakagonga kipande cha marumaru kilichovunjika. Kilikuwa na maneno ya jiwe la kaburi la Monika.